Mguu wa Kuku Chini ya Ukosi

Mama yangu aliniita kiguu na njia, na hakunisingizia. Mpaka leo ukinikaribisha nyumbani kwako ukanikalisha kwenye kochi, mguu mmoja utabaki umeelekea mlangoni. Lakini ule mwaka ninaotaka kuusimulia sikuwa nazurura kwa kupenda. Nilikuwa natafuta kanzu ya marehemu, na Kigali nzima ilinikatalia.

Nianze na mama. Alikuwa fundi cherehani pale Biryogo, mwanamke pekee mtaani kwetu aliyeshona kanzu za wanaume. Kazi ilikuwa ya baba. Babu alikuwa ametoka Ujiji na mizigo ya chumvi na vitambaa, akafika huku akaoa, akasahau kurudi. Baba alipofariki mimi nilikuwa binti mdogo, na watu walikaa wakingoja mama auze cherehani. Hakuuza. Aliipangusa vumbi, akaisogeza barazani, akakaa nyuma yake. Yale maandishi ya dhahabu ya Kizungu kwenye shingo ya mashine yalikuwa yameshafutika kwa kushikwashikwa, hata kiwanda chake hatukukijua. Ukimuuliza, mama alisema mashine haitaki jina, inataka mafuta.

Na maneno hayo aliyasema yeye, mtu ambaye hakuachia kanzu itoke barazani bila alama! Tangu baba akiwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akimalizia darizi na vifungo, na kila kanzu iliyopita mikononi mwake aliitia nyuzi nne za kijani nyuma ya shingo, chini kidogo ya ukosi. Tatu zimetanuka, moja fupi imeangalia nyuma. Alianza ili dobi asichanganye kazi yetu na ya mafundi wengine, maana kanzu zote ni nyeupe. Watu wakaziona, wakaziita mguu wa kuku, na jina likakwama.

Pale mahali palikuwa na akili yake, hata kama mama hakukusudia. Msikitini aliye safu ya nyuma hana cha kutazama ila mgongo wa mwenzake. Mashehe watasema macho yawe pale unaposujudu. Waseme tu. Kila Ijumaa mguu wa kuku ulisomwa na safu nzima, na mtu akinong'onezwa kwamba siku hizi fulani anavaa kuku, maana yake mambo yake yamenyooka.

Mwenye kuzipeleka sokoni nilikuwa mimi. Leo Kicukiro, kesho Kabuga, kwa wale wafanyabiashara wa barabara ya mashariki wenye kununua na kupeleka mbele zaidi. Mwanzoni nilikuwa na maneno mengi: kitambaa hiki, mshono huu, tazama kwapa hili. Baadaye nikajifunza kunyamaza. Mnunuzi wa Kabuga hakuikunjua hata kanzu. Aliigeuza shingo, akamwona kuku, akauliza saizi. Basi. Zile nyuzi nne ziliongea kuliko mimi, na mimi mnajua nilivyo.

Tena alama ilimtumikisha mama mwenyewe. Kwapa la kanzu ndipo panapopasuka kwanza, na mafundi wengi walipashona juu juu, kwa sababu likipasuka nani atajua ni la nani? Mama alijua watamtukana mwenye kuku. Kwa hiyo akabuni kipande cha pembe nne, akakipachika pale kwapani, mtu akinyoosha mkono nguo inamfuata. Hakuna aliyemfundisha. Mafundi wengine wakaiga kipande, halafu na wao wakaanza kutia alama zao: mmoja ufunguo, mmoja samaki, mwingine mwezi mkubwa kama nishani ya jemadari. Mama alicheka, akasema afadhali, sasa kila mtu atakuwa na aibu.

Nilimwambia mara nyingi, mama, nenda biro, ile ofisi ya serikali ya biashara, ukaiandikishe hiyo alama. Nilikuwa nimesikia mjini kwamba viwanda vikubwa vinafanya hivyo, kwamba jina la sabuni au la bia lina mwenyewe kama shamba. Alinitazama kana kwamba nimemwambia akaandikishe kivuli chake. Nani, akasema, atamwibia mtu mguu wa kuku?

Sasa kuna desturi moja lazima niieleze, la sivyo hamtaelewa kilichotuponza.

Baba alipokufa, mama alitoa kanzu zake sadaka kama inavyopasa. Nzuri kuliko zote alimpa muuza maji wa mtaani, mtu maskini asiyekuwa na neno na mtu. Ijumaa ile yule bwana akaivaa, akaenda kuswali. Aliyekuwa nyuma yake akamwona kuku, akamwambia mwenzake, tazama, kanzu ya marehemu fundi imekuja kuswali. Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini wakacheka. Jioni muuza maji akairudisha kanzu imekunjwa vizuri, akasema anashukuru sana, haimtoshi.

Mama alichukua wembe, akafumua zile nyuzi nne za mumewe moja moja, akampelekea tena muuza maji nyumbani kwake. Akapokea. Tangu siku hiyo ikawa sheria. Mteja wetu akifariki, kabla nguo hazijagawiwa, familia inamletea mama kanzu anafumua kuku, ili anayepewa atembee na nguo, asitembee na jina la mtu. Hakutoza hata senti. Ilifika mahali watu wakaona sadaka ya kanzu haijatimia mpaka ipite kwa mama. Wake wa marehemu wenyewe, wakiwa edani, walituma mtu.

Desturi nzuri. Nilijivunia. Ngojeni.

Mtaani kwetu alikuwepo kijana mmoja wa rika langu, ambaye baba yake alikuwa mteja wa mama wa siku nyingi. Nitamwita jirani, maana ndivyo alivyokuwa. Ukuta wao na wetu ulitenganishwa na uchochoro tu. Miaka ya themanini ilipoanza alifungua duka Gisimenti, kule Remera, wakati Remera inaanza kuchangamka. Akaleta kanzu za viwandani, marobota kwa marobota, nyepesi hivi unaona mwanga upande wa pili. Hazikutoka. Watu waligeuza shingo, hawakuona kitu, wakaziacha.

Siku moja nikafika Kabuga na mzigo wangu, mnunuzi wangu wa siku zote akaukataa kabla sijautua. Akasema mama, mimi iko na zingine, bei yake chini, na kuku ni yule yule. Akanigeuzia shingo moja. Kibandiko cha satini, kimechapwa kiwandani, mguu wa kuku wa kijani, vidole vitatu mbele kimoja nyuma. Kitu cha mama yangu kilikuwa pale, kimelala kwenye nguo ambayo asingeipangusia hata mashine.

Kutoka Kabuga nilishukia Gisimenti moja kwa moja. Nilitaka ugomvi, nisifiche. Jirani akanipokea vizuri, na hilo likanizidishia hasira. Akaagiza soda, akaniita dada, akauliza hali ya mama. Nilipomaliza kufoka akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi yenye kashe, muhuri wa serikali. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alikwenda biro, akauliza hiyo alama ni ya nani. Wakatazama, wakasema haina mtu. Akaiandikisha kwa jina la duka lake. Hakuiba, alisema, aliokota.

"Mama aendelee kushona, nani atamkataza? Ila kuku asimtie tena," akasema. "Au aje anishonee mimi, amtie anavyotaka."

Soda sikuinywa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona mguu wake umesimama juu ya pedali. Jirani mwingine aliyekuwepo akasema kikulacho ki nguoni mwako. Mama akasema huyu mtoto nilimshonea kanzu ya kutahiriwa. Halafu akaendelea kushona, na ilipofika shingoni akamtia kuku kama kawaida. Niliwaza: na wakija askari siku moja wakambebea cherehani? Usiku sikulala, mchana sikukaa. Chakula nilikula nimesimama.

Nikaenda biro mwenyewe. Karani aliyeshughulika na mambo hayo alikuwa mtu mwema, mwenye subira ambayo mimi sina. Akasema pingamizi linakubalika, hati ile bado changa. Ila nimletee kitu kinachoonyesha kwamba mama alitumia alama ile kabla ya jirani. Nikamletea wanaume watatu wa mtaani na kanzu zao. Akawasikiliza kwa heshima, akaniuliza: nitajuaje kwamba hizi hazikushonwa wiki iliyopita? Nikamletea picha za harusi, bahasha nzima. Wanaume wote wamesimama wima, vifua mbele, kanzu zinang'aa, na hakuna hata mmoja aliyepigwa picha ya kisogo. Nani anapigwa picha ya kisogo?

Karani akafikiri, akasema kwa nia njema kabisa:

"Niletee kanzu ya mtu ambaye kila mtu anajua hakupata nguo mpya tangu kabla ya hati. Marehemu, kwa mfano. Marehemu hashonewi."

Akanipa mpaka Idi.

Nilifika barabarani nikaanza kucheka peke yangu, watu wakanipisha. Marehemu! Mama ameshona kanzu za nusu ya makaburi ya Waislamu wa mji huu, na zote amezifumua kwa mkono wake.

Lakini nilitafuta. Mwezi mtukufu ulikuwa umeandama, jua kali, koo limekauka, na mimi njiani. Nilizunguka Nyamirambo yote mlango kwa mlango. Wajane walinipokea kwa furaha. Mmoja Kicukiro alinitolea kanzu ya mumewe aliyomwekea mwanawe, akaninyooshea shingo kwa fahari, akasema tazama mama yako alivyoifumua vizuri, hata huwezi kujua. Nikamwambia ndiyo, shangazi, vizuri sana. Kabuga nilimwona mbeba mizigo amevaa kanzu yenye kwapa letu, nikamsimamisha, nikamzunguka nyuma. Palikuwa na vitundu vya sindano, vidogo, vimepangika. Nikamwomba anipe niipeleke mjini, akadhani nina wazimu. Na hata angenipa, kitundu hakina rangi. Nilikaa kando ya soko la Kabuga nikalia kwa hasira, nimemkasirikia jirani, karani, na zaidi mama, kwa usafi wa mkono wake.

Ilibaki kanzu moja tu, na nilijua ilipo. Baba yake jirani, yule mzee, alikuwa amepooza na kulala kitandani tangu kabla mwanawe hajawa na duka. Mtaa mzima ulijua. Kanzu yake ya mwisho mama alimshonea kwa harusi ya binti yake, nami ndiye niliyempelekea. Ilikuwa ndani ya sanduku, nyumba ya pili na yetu, na mwenye sanduku ndiye mke wa mzee, mama yake adui yangu. Ningeingiaje? Ningesema nini, naomba kanzu ya mgonjwa nikamshtakie mwanao?

Kumi la mwisho la Ramadhani mzee akafariki.

Tulikwenda msibani sote. Mama alilia kwa kweli, walikuwa marafiki. Mimi nilikaa na wanawake tunachambua mchele wa hitima, na Mungu ananijua, kila nikitoa kokoto nilikuwa nawaza lile sanduku. Nilijua desturi. Mjane yuko edani, hatoki. Mabinti wameolewa mbali. Lazima amtume mtu alete kanzu kwa mama. Na mtu wa kutumwa alikuwa mmoja tu.

Niliporudi nyumbani nikakaa barazani karibu na cherehani. Sikwenda sokoni. Sikwenda popote. Siku ya pili mama akanitazama akauliza kama kiguu na njia amevunjika mguu. Nikasema nimechoka na saumu.

Jirani alikuja baada ya swala ya alasiri, kanzu mkononi ndani ya kitambaa cha mama yake. Naamini hakufikiri. Au kama alifikiri, angemwambia nini mama yake aliye edani, kwamba nguo za baba zisipite kwa fundi? Jambo lenyewe lilikuwa kama kuvua viatu mlangoni, mtu hafikirii. Akasalimia, akasema ametumwa, hii ni kanzu ya baba. Mama akampa pole tena, akamuuliza habari za mjane, akapokea, akaikunjua kanzu juu ya mapaja.

Ilikuwa imepauka kidogo kwenye mikunjo. Kuku alikuwa pale, kijani cha zamani, uzi ule ambao dukani haupatikani tena. Hata karani asiyejua kushona angeona. Nikaweka kiganja changu juu yake.

"Mama, usiifumue. Ndiyo hii niliyoitafuta."

Jirani akaelewa. Nilimwona akielewa. Angeweza kuivuta. Lakini kanzu ya baba yake ilikuwa mapajani mwa mwanamke aliyemshonea tangu utotoni, na mkono haukumnyookea. Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaitazama kanzu, na nikajua anapima, maana na yeye ni mtu. Alama ile ilikuwa jasho lake la maisha. Nikadhani tumeshinda.

"Toa mkono," akaniambia.

Sikutoa.

"Huyu mzee ameletwa kwangu afumuliwe. Hakuletwa kutoa ushahidi. Amana hii. Toa mkono."

"Na wewe kesho utashona nini?" nikamwuliza.

"Kanzu," akasema.

Nikatoa mkono. Akachukua wembe. Sijawahi kuona kazi ya taratibu kama ile. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ule mfupi wa nyuma, kisha akapapasa kitambaa kwa kucha ili vitundu vijifunge. Akaikunja kanzu, akairudisha kwenye kitambaa cha mjane. Zile nyuzi nne akaziokota mapajani, akamshika jirani mkono, akaziweka kiganjani mwake.

"Kuku wako huyo," akamwambia. "Mpe mama salamu zangu."

Jirani aliondoka na kanzu kwapani na kiganja kimefumbwa. Mimi nilitoka upande wa pili, nikapanda mlima wa Nyamirambo karibu kukimbia, bila pa kwenda, nikashuka, nikapanda tena mpaka nikasikia adhana ya magharibi. Nilifuturu maji kwa mtu nisiyemjua. Nilimchukia mama siku ile. Nasema kweli, na sijui kama nilikosea.

Karani hakuniona tena. Siku iliyofuata mama alianza kushona shingo tupu, maana mzozo haukuwa kazi yake, na mimi nikazipeleka Kabuga hizo zisizo na kuku. Mnunuzi aligeuza shingo, akanitazama, akanisogezea mzigo wangu kwa kidole. Ilibidi niongee upya kama mwanzo: kitambaa hiki, mshono huu, kwapa hili. Sauti ilinikauka. Mwaka mzima tulikuwa watu wadogo. Kanzu za Gisimenti zikajaa mjini, kila mgongo una kuku, hata mtu wa mwisho kabisa, na hazikumaliza mwaka, kwapa likaachia. Watu wakamtukana kuku kama mama alivyoogopa, ila sasa tusi lilikwenda kwa mwenye hati. Kidogo kidogo wateja wa zamani wakarudi, kimya kimya, bila kuuliza kitu.

Idi ya mwaka uliofuata ilipokaribia, jirani akaja barazani. Alitaka kanzu, yake mwenyewe, si ya dukani. Mama akampima mabega, akaandika vipimo kichwani kama kawaida yake. Jirani akasema, akiangalia chini, na kuku umtie, mama. Mama akajibu kwamba hana ruhusa, mwenye kuku ni yeye. Jirani akasema atakwenda biro kuifuta ile hati. Mama akasema kafute kwanza. Hakwenda. Duka lilikuwa linamlisha yeye na mjane na watoto, na mimi ninayejua biashara, sitasema ningekwenda.

Siku ya Idi tuliswali uwanjani, wanawake nyuma. Mbele yetu migongo ya wanaume ilikuwa nyeupe tupu, na kwenye mingi kuku wa satini waling'aa kwenye jua. Jirani alikuwa safu ya mwisho ya wanaume, karibu kabisa nasi, amevaa kanzu bora kuliko zote uwanjani, na shingoni hakuwa na kitu. Kabla ya takbira, alipoinama kutandika mkeka wake, nilitaka mtu yeyote aone ninachokiona. Nilimgusa mama kwa kiwiko.

Mama alikuwa ameshaona. Alikuwa anamtazama kisogoni kwa makini, kwa lile jicho la fundi.

"Ukosi umekaa sawa," akasema.

Swala ilipoisha nilikuwa wa kwanza kusimama, mguu mmoja umeshaelekea njiani.